Niliziba Bomba la Kiyoyozi kwa Pamba

Mnicheke sasa hivi mmalize, maana aibu hii siwezi kuisimulia mara mbili. Mimi, msomi wa shahada ya kilimo, nilimfanya bosi wangu ashuke garini mbele ya wakulima wa Nkoma suruali ikiwa imelowa mahali pabaya kuliko pote.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa kununua pamba, kila kampuni inawabembeleza wakulima, na mimi nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika kampuni moja changa pale Bariadi. Dereva akaugua siku ya mkutano na wakulima wa kijiji cha Nkoma, bosi wetu Bwana Mashaka akauliza nani anajua kuendesha, nikanyoosha mkono kabla sijafikiri (jambo ambalo si kawaida yangu kabisa). Akaniambia, "Tukiipata Nkoma, kijana, kazi ni yako."

Katikati ya safari kiyoyozi kikaacha kupoza, feni inavuma lakini hewa inatoka kiduchu, tena vuguvugu.

"Hiki kitu kimekufa?" bosi akauliza akijifuta shingo.

"Hapana bosi, nakishughulikia."

Nikaanza kuwaza: ni gesi, ni mkanda, ni fyuzi, au ni mimi nimebonyeza kitu, na akijua atanifukuza nirudi kwa mama na shahada yangu? Nikasimamisha gari, nikazima, nikachungulia uvunguni. Maji! Yanatiririka kutoka kwenye kijibomba upande wa abiria. Nikajiambia, basi ubaridi unavujia hapa, na kinachovuja huzibwa. Kwenye buti tulikuwa na sampuli za pamba, nikachomoa bonge, nikalisokota, nikalishindilia kwa kijiti mpaka tone la mwisho likakoma.

Kuwasha tu, baridi ikarudi! (Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba barafu ilikuwa imeganda ndani ikaziba hewa, tuliposimama ikayeyuka yenyewe, na yale maji yalikuwa yanapita njia yake halali.)

"Kumbe chuoni mnafundishwa na haya?"

"Ni kufikiri tu, bosi," nikajibu, kifua mbele.

Kwa raha ya baridi bosi akateleza kitini mpaka magoti yakagusa dashibodi, akasinzia. Maji hayakusinzia, yalikuwa yanajikusanya huko ndani.

Kuingia Nkoma watu wamejaa, ng'ombe wakakatiza, nikakanyaga breki, na maji yote ya baridi yakachomoka chini ya dashibodi yakamwangukia Bwana Mashaka mapajani. Akaamka akipiga ukelele, akaufungua mlango, akaruka nje na suruali yake ya kijivu. Kisha mama mmoja mtu mzima akamtazama kwa huruma, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Safari ilikuwa ndefu?"

Wakaangua kicheko. Hapo mwenye akili angenyamaza, lakini mimi nikapanda juu ya gunia nikaanza, "Ndugu zangu, haya si ya kwake! Hewa ikipoa inatoa unyevu, unyevu unakusanyika..."

"Mwanangu," yule mama akanikatiza, "sisi tulishamsamehe, wewe ndiye unatukumbusha."

Bosi alihutubia akiwa amejikinga kwa kofia, na alipomaliza mzee mmoja akasimama akasema kwa upole kwamba pamba watawauzia wenzetu wa kampuni nyingine waliofika jana, kwa sababu wale walifika wakavu. Nkoma ikaenda hivyo.

Kurudi, bosi akashika usukani mwenyewe, mimi nikaamriwa kukaa kwenye kile kiti kilicholowa, na tulipofika mtaa wa Somanda, pale Bariadi, akasimama palipojaa watu.

"Shuka. Tembea mpaka kwenu."

Nikashuka, sasa suruali iliyolowa ni yangu, nikageuka kumuuliza kama kazi bado ipo.

"Kesho saa mbili, ghalani, usichelewe," akasema, na nikamwona anauma midomo asicheke. "Na ukiulizwa suruali imekuwaje, ole wako uanze kueleza unyevu."

Nilivuka Somanda nzima nikisalimiwa kwa huruma na sikueleza chochote, ingawa maelezo nilikuwa nayo kamili. Nimeapa: kiyoyozi kikigoma nashusha kioo, nakula vumbi, na mdomo naufunga.