Wiki Aliyonyamaza Mwalimu Radi

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Radi, na hawakumwonea. Akifundisha hisabati darasa la sita, darasa la nne lilipata somo hilo hilo bure kupitia ukuta. Alikuwa mama mwenye moyo mweupe, ila maneno aliyamwaga kama mafuriko, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Wote wakaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Mtihani ukija, alama zinatia huruma.

Asubuhi moja aliamka sauti imekauka. Daktari akamkataza kusema wiki nzima. Nyumbani mumewe alimshukuru Mungu waziwazi, akarushiwa mto.

Kazini hakukosa. Aliandika ubaoni: "Sina sauti. Leo semeni ninyi." Chini yake akaandika nusu jumlisha robo, akaenda kuketi dawati la nyuma.

Wakatazamana. Hatimaye akainuka msichana mpole ambaye tangu mwaka uanze hakuwa amefungua kinywa. Akajumlisha namba za juu, akajumlisha za chini, akapata mbili juu ya sita, yaani theluthi.

"Haiwezekani!" jirani yake akaruka. "Una nusu mkate, nakuongezea robo, halafu mkate unapungua? Kwenu kuna panya?"

Darasa likaangua kicheko, msichana naye akacheka, chaki mkononi. Wakabishana, wakachora mikate ubao mzima, mpaka robo tatu ikapatikana.

Mwalimu akaandika: "Mbona hamkuwahi kuniuliza?"

Yule msichana akasema, "Samahani, mwalimu. Ukiuliza 'mmeelewa', mkono wako unakuwa umeshaanza kufuta ubao."

Wote wakabana pumzi. Mabega ya mwalimu yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka bila sauti, mpaka machozi yakamtoka. Shangwe iliyofuata ilimleta mwalimu mkuu mbio.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

Wakamwonyesha: yule pale, anajifuta machozi kwa vidole vya chaki, uso umekuwa kama wa mpishi wa maandazi.

Sauti ilirudi, nene vilevile. Ila sasa akiuliza swali, hunyamaza akangoja, hata kimya kikimwasha. Aliyekosea humwambia, "Hebu nieleze ulivyofikiri." Mikono ikazidi kunyooshwa, na alama nazo zikapanda.

Mwisho wa muhula mama wa yule msichana alikuja shuleni, kashika kiuno.

"Mwalimu, mmemlisha nini mwanangu? Nikimtuma dukani ananiambia, 'Mama, hebu nieleze ulivyofikiri!'"

"Pole, mama mwenzangu," mwalimu akamjibu huku akicheka. "Hata mimi haniachi."