Udi kwenye Sare ya Skuli

Kila nikitia udi kwenye chetezo nifukize nguo zangu, namkumbuka msichana niliyekaa naye dawati moja. Mama yake alitengeneza sabuni za mwani nyumbani kwao Mpendae. Mwani ulianikwa uani, sare nayo ikaanikwa hapo hapo, ikashika harufu. Akipita, tulibana pua. Nasema tulibana kwa sababu na mimi nilibana.

Asubuhi moja aliingia darasani ananukia udi kama anayekwenda harusini. Mama yake alikuwa ameifukiza sare kwa haraka, mpaka cheche ikatoboa pindo la ushungi wake mweupe.

"Bi harusi wa mwani kaja," mmoja akasema. Darasa zima likacheka. Mwalimu alitabasamu kidogo, akageukia ubao.

Mwenzangu hakuwatazama waliocheka. Alinitazama mimi, vidole vyangu vikiwa bado puani.

"Hata wewe?" aliuliza taratibu. "Leo sinuki. Mama kanifukiza."

Alikaa, akalificha lile pindo lililotoboka kiganjani mpaka kengele ya kurudi nyumbani. Wiki iliyofuata dawati lilikuwa langu peke yangu.

Siku hizi anayeshika chaki ni mimi. Wanafunzi wangu husema mwalimu huyu hana mzaha na jambo dogo, na kweli sina. Mkono mmoja ukipanda puani, somo linasimama pale pale, na mwenye mkono ananieleza mbele ya wenzake kilichomnukia.

Siugeukii ubao.