Sikio la Lackson

Ukuta ule niliufuta mimi, kwa mikono hii hii. Ukiwauliza watu wa hapa Nchelenge watakuambia ni ukoo ulioamua, na kweli amri ilitoka kwa mjomba wetu Fanwell. Lakini mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti. Aliyekanda matope, akayabeba kwa beseni, akayapaka juu ya uso wa kaka yake mwenyewe mpaka usionekane, ni mimi Felistus. Sitaki kujificha nyuma ya ukoo.

Mwenye ukuta alikuwa wifi yangu Léonie, mke wa Lackson. Alitoka Kilwa ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, akaja na kaka yake Valère aliyekuwa akivusha vitenge kuja huku na samaki wakavu kwenda kule. Lackson alimwona sokoni mwaka sitini na nane, na kabla ya mvua akawa ameshamwoa. Kibemba hakikumkaa mdomoni. Tulizungumza naye Kiswahili cha sokoni, kile cha kuulizana bei, na mambo mengi ya moyoni hayakupata njia ya kupita.

Niseme ukweli, sikumpenda sana. Alikuwa mkimya, na mimi mtu mkimya hunitia wasiwasi. Nikigombana na mtu nataka anijibu, tumalize, tule.

Alizika watoto wawili. Wa kwanza hakumaliza mwezi, wa pili alikuwa ameanza kutambaa. Baada ya huyo wa pili alikaa mlangoni siku nyingi akiiangalia mikono yake kama vitu vya kuazima. Kikaingia kiangazi, wakati ambapo wanawake wote tunakandika upya kuta zilizopigwa na mvua. Léonie akakandika ukuta wake wa mbele, ule unaotazama ziwa, na alipomaliza hakuacha. Akaenda kuchimba udongo mweupe wa bondeni, tunaouita impemba. Akachukua udongo mwekundu wa kichuguu, masizi ya sufuria na buluu ya kufulia nguo. Akatafuna ncha ya kijiti mpaka ikawa brashi. Akachora mtoto anayetambaa.

"Léonie," nikamwambia, "unachezea buluu, nguo ya bwana yako utafula na nini?"

"Yaya," akanijibu bila kugeuka, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya, "mukono ikifanya kazi, kichwa inanyamaza."

Nilicheka. Nilidhani ni uvivu uliopata jina zuri.

Mvua za mwaka ule zilimfuta mtoto, na kiangazi kilichofuata akachora tena, safari hii na mengine. Wanawake waliotoka kuchota maji wakaanza kusimama hapo. Mmoja akasema, niwekee na wangu aliyekufa kwa surua. Akawekewa. Mwingine akataka bibi yake, na mwingine, msinicheke, akataka mbuzi wake aliyeibwa. Wasiojua kuomba walipewa kijiti wachore wenyewe. Wengine walilia palepale, wakajipangusa kwa ncha ya kitenge, wakabeba ndoo zao wakaenda zao. Mimi nilipita nikisonya.

Lackson alikuwa ukutani kila mwaka. Sikio lake la kushoto lilichanika kwa ndoana alipokuwa kijana, na Léonie alilichora kubwa, na ule mpasuko wake. Lackson alikuwa akiwaita wenzake waje waone. "Bibi yangu amenifanya tembo," alisema, na furaha yake ilikuwa haifichiki.

Mwezi wa sita mwaka sabini na tano upepo wa kusini ulivuma siku tatu. Siku ya nne mtumbwi wake ulikutwa umepinduka kwenye matete karibu na Mununga, na nyavu zikiwa bado zimefungwa. Yeye hakuonekana. Tulitafuta wiki nzima. Ziwa halikutupa hata shati.

Kwetu mjane hukaa chini. Hatii chumvi kwenye chungu cha watu, hashiki kazi ya mikono, mpaka siku ukoo unapomrithisha mtu mwingine jina la marehemu. Siku hiyo ndipo udongo mweupe hupakwa usoni, kuonyesha kwamba kilio kimekwisha na jina limepata mwenyewe. Sasa Lackson hakuwa na kaburi. Mjomba Fanwell akasema tusubiri ziwa limrudishe, ndipo tuanze kuhesabu siku. Maana yake Léonie akae mkekani, mikono mapajani, bila kujua mpaka lini. Nasema hivi leo. Wakati ule niliona ni haki kabisa.

Siku ya kumi na tisa nilimpelekea uji asubuhi, nikakuta mkeka mtupu. Nikazunguka mbele. Léonie alikuwa amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, na ukutani alikuwa Lackson, mrefu kutoka chini hadi kwenye paa. Uso wake wote ulikuwa mweupe pe. Nikaangusha bakuli.

"Léonie! Kilio haiyaisha, na wewe unapamba nyumba?"

"Siko napamba, yaya. Niko namuita."

"Unamuita na impemba? Nani alikupa ruhusa ya kumupaka mweupe? Mwili hatuyauona!"

"Asipokuwa mweupe," akasema, "ataona nini?"

Sikuuliza ana maana gani. Macho yangu yaliona jambo moja tu: mwanamke wa kuja amemaliza kilio cha kaka yangu peke yake, bila ukoo, bila mwili. Nilikwenda mbio kwa mjomba, kitenge kikinifunguka njiani. Mdomo wangu haujawahi kunikosesha kazi, na siku ile ulifanya kazi vizuri sana. Mjomba akaja, akatazama, akasema bibi huyu amejitoa kwenye kilio mwenyewe, anataka mume mwingine. Halafu akaletewa kiti. Halafu akasema, futeni.

Hakuna aliyesogea. Wanawake waliokuwa na wafu wao kwenye ukuta ule walitazama chini. Nikakanda matope mimi.

Léonie hakunizuia. Aliteremka kwenye kinu, akakaa mkekani kwake, akaangalia. Nilianza miguuni nikapanda juu. Nilipofika usoni ndipo aliposema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba chumvi, "Acha sikio, yaya. Sikio yake tu."

Nilikuwa nimebakiza hilo. Nikalifunika.

Baada ya hapo Léonie hakusema tena. Alikula vijiko viwili, akaacha. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya paja, kinazunguka, kinarudi, kutwa nzima. Nikimpa maji ya kunywa alichovya kidole akachora sakafuni, na mimi, Mungu anisamehe, nilipangusa sakafu. Tukasema ni wazimu. Mwezi wa nane ukoo ukamwita Valère aje amchukue dada yake, hata bila kumfanyia ile mila ya kumfungua mjane kutoka kwa marehemu. Valère alimbeba mgongoni mpaka kwenye mtumbwi, maana miguu ilikuwa haimshiki tena. Alimkalisha uso ukielekea kwetu.

Nilikuwa bado nimesimama ufukweni wakati Davison, mvuvi aliyekuwa akivua pamoja na kaka yangu, aliponiuliza kwa Kibemba chetu:

"Mama, ule ukuta mliufuta kwa nini?"

Nikamweleza habari ya udongo mweupe, ya kilio, ya mwili usioonekana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini tulikuwa tunashika njia kwa ukuta ule," akasema. "Mwezi wa nane ukifika, moshi wa kuchoma mashamba ukitanda, ukiwa majini huoni kitu huku isipokuwa weupe wa nyumba ya Lackson. Na kabla hajapotea, yeye ndiye aliyemwomba mkewe azidishe impemba. Alisema, niweke mimi mweupe, nijione niko nyumbani kabla sijafika."

Nikageuka kutazama ziwa. Mtumbwi wa Valère ulikuwa umeshakuwa mdogo, na Léonie bado ametuelekea. Alikuwa anatazama mahali pa ukuta. Hapakuwa na kitu pale, isipokuwa matope yangu.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu hakukawia, alikuwa ameshakaa magotini. Nilikuwa nimemlilia kaka yangu kwa sauti kuliko wote, nimefuata kila sharti, na kumbe sikuwa nimemlilia bado. Sasa ndipo kilio kikaanza. Nilikuwa nakausha samaki najikuta nimesimama tu, moshi machoni, mkono hauna kazi na kichwa kinapiga kelele: acha sikio, acha sikio.

Ndani ya nyumba yao nilikuta kopo lake la udongo na vijiti vitatu. Vilikuwa na alama za meno yake. Nikatoka navyo nje mchana kweupe. Nilianza na sikio. Nilifuta nikarudia mara nne, kwa sababu mimi sijawahi kuchora hata kuku. Nilipomaliza uso, wanawake waliotoka kuchota maji walikuwa wamekusanyika, na mmoja akauliza, huyu ni mtu au ni kambale? Tukacheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kikageuka, nikalia, na hakuna aliyeniambia nyamaza. Jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili nilipogundua kwamba kichwa changu kilikuwa kimya tangu asubuhi.

Mjomba Fanwell alikuja na fimbo yake. Akauliza ni nani aliyetoa ruhusa.

"Ni mimi," nikamwambia. "Jina umrithishe umtakaye, mjomba. Uso niachie."

Hakunisalimia mpaka mwaka ukaisha.

Mvua zilimfuta Lackson, nikamchora tena kiangazi cha sabini na sita, na Valère akarudi na vitenge. Alisimama mbele ya ukuta, akawa anatafutatafuta kwa macho. Nikamuuliza Léonie anaendeleaje.

"Anakula kidogo. Hasemi," akajibu. "Anakaa tu, kidole inatembea. Nikirudia ku safari ananiangalia usoni sana, kama mutu anangojea barua."

"Mwambie ukuta iko."

"Na sikio? Ile ndiyo ataangalia kwanza."

"Sikio iko. Si nzuri, lakini iko. Mwambie ni Felistus aliifanya." Nilitaka kumtuma aniombee msamaha, nikashindwa. Kwa Kiswahili cha sokoni nilijua kuomba nipunguziwe bei tu.

Alikaa wiki tatu ng'ambo. Aliporudi nilimfuata majini kabla hajafunga mtumbwi, maji yakanifika kiunoni.

"Alisema nini?"

"Nilimuambia yote. Ya sikio pia. Hakujibu siku mbili." Valère alikuwa anapakua mizigo, hakunitazama. "Ya tatu akafungua kinywa. Ameomba udongo."

"Udongo gani?"

"Mweupe. Ya huku. Anasema uchimbe wewe mwenyewe, yaya, na mukono yako."

Sikurudi nyumbani kubadilisha kitenge. Nilikwenda bondeni hivyohivyo nimelowa, nikachimba bila jembe, nikajaza beseni lile lile la matope, nikarudi nikajaza na ndoo. Valère alilalamika kwamba uzito ule utamzamisha njiani. Nikamwambia apunguze samaki.