Tulivyompeleka Mama kwao Oldonyo Sambu siku ya harusi yake, gari likiwa wazi

Wakuu, heshima zenu.

Habari hii imenikaa kifuani muda mrefu. Sehemu kubwa niliiona kupitia kioo cha katikati cha gari nikiwa kwenye usukani, kwa hiyo atakayesema ni chai nitamwelewa, lakini sijaongeza chumvi hata punje.

Wazazi wangu walibariki ndoa yao kanisani wakati mimi tayari nina watoto wawili.

Msicheke. Waliokulia huku milimani kwetu wanajua mambo yalivyokuwa. Mzee alipeleka ng'ombe, akapewa mke, maisha yakaanza. Kanisa likabaki habari ya baadaye, na kwa baba yangu hiyo baadaye ilichukua miaka thelathini na nne.

Sasa kwenye usharika wetu, ukiishi hivyo, Meza ya Bwana huisogelei. Mama aliimba kwaya, alipanga maua ya altareni, alifua hata vitambaa vya meza yenyewe. Lakini wenzake wakiinuka kwenda kupokea, yeye alibaki kwenye benchi akiwashikia mikoba. Nimekua nikimwona hivyo. Ukiwa mtoto unazoea, unadhani ndiyo kazi aliyopangiwa.

Kila mwaka alimwomba Baba wakabariki ndoa. Baba alikuwa dereva wa lori la miche ya miti pale Olmotonyi, mtu wa maneno machache na redio. Jibu lake lilikuwa moja tu, tutaona.

Mama akajitafutia sababu mwenyewe. Aliamini huyu mwanaume hajamkubali moja kwa moja, ameacha mlango wazi. Aliwahi kuniambia hivyo nikiwa kidato cha pili, tukichuma maharage, na sikujua niuweke wapi uso wangu.

Mwishowe sisi watoto tukaunda kamati na kumweka Baba kikao. Akakubali. Hakutoa maelezo yoyote.

Rafiki yangu mmoja wa Moshono anakodisha magari ya harusi. Akaniazima convertible nyeupe, ile ya kubonyeza kitufe paa linajikunja lenyewe kwenda nyuma. Sharti lilikuwa moja, usukani nisimpe mtu mwingine. Basi dereva wa bibi harusi nikawa mimi mwanawe, natabasamu kama nimeoa mimi.

Kanisani ndipo palipoharibika.

Kabla ya kubariki, wanaorudi kundini husimama mbele ya watu wote na kuulizwa kama wanatubu kwa kuishi bila ndoa. Mama alijibu haraka, kama mtu anayeitikia hodi. Baba alipoulizwa, kimya. Mchungaji akarudia. Kimya. Mtu alikuwa anafungua pipi benchi za nyuma na kanisa zima lilimsikia.

Nilimwona Mama akiangalia viatu vyake vipya.

Baadaye sana Baba akasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayekohoa. Ibada ikaendelea, wakabarikiwa, na Mama akaipokea ile Meza aliyoingoja miaka yote. Aliipokea bila kuinua uso. Nilitamani nimkamate mzee kola ya koti, Mungu anisamehe.

Ukumbi ulikuwa Sokon One, tupitie mjini kwanza tupige picha. Mbele pikapu ya matarumbeta na mtu wa video, kisha sisi na paa wazi, nyuma yetu magari kumi na moja.

Tukiwa tunashuka kutoka kanisani Mama akanisemesha kwa utulivu kabisa, kama ananituma dukani.

"Lemayani, keki ikishakatwa unipeleke kwetu Oldonyo Sambu. Nitakaa huko."

Kwa wasiojua, Oldonyo Sambu iko barabara ya Namanga, upande wa pili kabisa na mjini. Ndiko alikozaliwa. Nilitazama kioo. Baba alikuwa anaangalia migongo ya wapiga tarumbeta.

Tulipofika lami, matarumbeta yakapinda kushoto kuelekea mjini. Nikawasha indiketa ya kushoto.

"Pinda kulia," Baba akasema.

Nikamkumbusha kuwa ukumbi uko huku.

"Kwa nini asubiri keki? Pinda kulia."

Nimelelewa kuitii sauti ile. Nikapinda.

Nilichosahau ni kwamba kwenye harusi za kwetu hakuna anayeuliza maswali. Msafara unafuata gari la bibi harusi hata likiingia mtoni. Magari yote kumi na moja yakapinda kulia nyuma yetu, hazard zinawaka, honi zinalia. Matarumbeta yakaenda mjini peke yake. Tulikuja kuambiwa walizunguka ile raundi ya mnara wa saa pale mjini mara mbili wakipuliza kwa bidii, ndipo wakagundua hawana harusi.

Wakuu, naikumbuka barabara ile mpaka leo.

Masika yalikuwa yamekwisha. Lami ilikuwa tupu. Kulia kwetu Mlima Meru ulikuwa umetoa kichwa juu ya mawingu, kushoto nyika inashuka yote ya kijani mpaka milima ya Monduli. Upepo ulileta harufu ya mikaratusi na ya mazizi. Nilikwenda spidi arobaini. Nilijua huenda nawapeleka wazazi wangu kwenda kuachana, na bado sijawahi kuifaidi barabara namna ile.

Shela la Mama likaanza kupepea na kumpiga Baba usoni. Hakulisogeza. Mama akalivumilia kidogo, kisha akalivuta na kulikalia. Akafumba macho, akauacha upepo umpige. Uso ukaanza kumlegea.

Akasema, macho bado yamefumbwa, "Lori lako nalo halikuwa na paa."

Baba akamjibu kwamba lilikuwa na turubai. Siku ile bwana miti alikaa mbele, Mama akapanda nyuma na miche, ndipo yeye akalifungua turubai ili huyo binti auone mlima.

Miaka yote hiyo hatukuwahi kuambiwa kwamba walikutana hivyo. Nilipunguza mwendo zaidi, nikijifanya kuna ng'ombe mbele.

Karibu na kwao, pale barabara inapopanda, Baba akaniambia nisimame. Msafara nao ukasimama. Watu wakashuka na simu zao, wakidhani ndiyo location ya picha.

"Ngoto Lemayani," akasema. Ndivyo alivyomwita siku zote, mama wa Lemayani. "Walitaka niseme mbele za watu kwamba kuishi na wewe ni dhambi. Makosa yangu ni mengi, ningeyataja yote pale mbele. Hilo sikuwahi kuliona kosa. Leo nimelisema kwa ajili yako, na najua nimesema uongo kanisani."

Mama akamgeukia.

"Hiyo ndiyo sababu? Miaka yote hii?"

"Ndiyo."

"Na hukuweza kuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Mama akalia. Alilia mpaka mabega yakatikisika, na kule nyuma shangazi zangu wakapiga vigelegele kwa furaha. Picha ya dakika ile iko sebuleni. Kila mgeni akiiona husema bibi harusi alifurahi sana. Baba yumo, ameshika mkono wake kwa mikono yote miwili.

Kisha Mama akajifuta kwa shela na kunigonga begani.

"Geuza gari. Watu wana njaa."

Jumapili iliyofuata waliinuka pamoja kwenda mezani, mikoba wakaniachia mimi.

Baba alishatutoka. Mara mojamoja, baada ya ibada, namchukua Mama tunapita barabara ile kwa kigari changu cha kawaida, vioo vyote chini. Nammiss mzee vibaya sana nikiwa pale.

Nilichojifunza ni hiki. Maneno "nilidhani unajua" yalimnyima mama yangu raha miaka thelathini na nne, na aliyeyasema alikuwa anampenda. Kama kuna kitu mwenzako hakijui, mwambie leo, hata ukikisema vibaya.

Juzi tukiwa njiani nilimuuliza, kama angeijua sababu ile tangu mwanzo, si angeacha kumsumbua Baba habari za kanisa?

Akacheka. Akasema angemsumbua vilevile kila mwaka, ila angekuwa anamsumbua akiwa na amani.

Wale ambao wazazi wenu walibariki ndoa ukubwani, kwenu ilikuwaje? Andikeni hapa chini, leo nipo nasoma kila mmoja.