Viatu vya Wasukumaji

Juzi nilirudi kwetu Kalemie, nikavua viatu ufukweni mwa ziwa kama mtoto. Nilipogeuka kutazama nyayo zangu, visigino vilikuwa vimezama kuliko vidole. Nikasonya. Ndugu yangu, ule wivu wa zamani ulinirudia mzima mzima.

Enzi za Zaïre, mwalimu wetu wa michezo, Mzungu mwenye ndevu, alituletea raga, mchezo wa ule mpira wenye umbo la yai. Gunia la njumu, viatu vya mchezo huo, lilifika kwa gari la moshi, nasi tukalifuata kutoka stesheni hadi ziwani tukiimba. Za wasukumaji, wale wa mbele wanaosukumana na wapinzani kugombea mpira, zilikuwa nzito, ngumu, zinafunika kifundo cha mguu. Za wakimbiaji wa pembeni zilikuwa fupi, laini, zenye mstari mweupe ubavuni. Hizo nilizitaka hadi mate yakanidondoka.

Mwalimu hakuuliza nani anataka zipi. Alitutembeza mmoja mmoja kwenye mchanga mbichi, akatazama nyayo. Anayekanyagia vidole, pembeni. Anayekanyagia visigino, mbele akasukume. Mimi nilinyata kwa vidole kama kuku kwenye tope, wenzangu wakaangua kicheko.

“Rudi,” akasema. “Tembea kama unamubebea mama ndagala.”

Basi nikaumbuka. Kila asubuhi nilibeba beseni la ndagala, wale dagaa wa mama, kutoka mitumbwini hadi pa kuanikia, na miguu yangu ilijua mwendo huo tu. Nikapewa zile nzito. Mtoto wa jirani, ambaye baba yake alifanya kazi relini na ambaye hakuwahi kubeba hata ndoo, akapewa zenye mstari. Nilimwonea wivu hadi uji ukawa mchungu kinywani.

Siku ya mchezo mama alikuja na kitenge chake cha misa. Nilisukuma, kichwa kimebanwa katikati ya mabega ya watu, mchanga mdomoni, mpaka mpira ukatoka nyuma yetu. Hapo nikasikia sauti yake: “Kimbia, mutoto wangu! Kimbia!”

Nikainua kichwa kwenye lile rundo, nimejaa furaha. Alikuwa anamwita mtoto wa jirani, aliyekuwa akichanja mbuga pembeni na mpira wetu kwapani.

Jioni mama alimkaribisha kwetu, bugali na sombe ya majani ya muhogo, akampa samaki mkubwa kuliko wangu.

“Na weye ulikuwa wapi?” akaniuliza. “Sikukuona.”

“Nilikuwa chini, mama.”

“Ah! Niliona miguu tu.”

Leo kiwanja kimejaa nyumba. Mwalimu alirudi kwao, na njumu sijui ziliishia wapi. Mama tulimzika mwaka jana. Matangani, mtoto wa jirani, sasa baba mzima mwenye kitambi, alisimama akasimulia jinsi marehemu alivyomwita mutoto wake mbele ya kiwanja kizima. Watu wakalia. Mimi pia nililia, lakini kwa hasira. Njumu zenye mstari alichukua, mbio alichukua, samaki alikula. Lile neno moja angeniachia.