Zamu ya Maji ya Mtu Aliyekwenda Vitani

Kila mara kijiji chetu kinapofanya sherehe, lazima asimame mzee mmoja ashike kipaza sauti na kusimulia jinsi tulivyowalisha mgambo wakati wa vita vya Uganda. Watu hupiga makofi. Mimi hutazama viatu vyangu, maana nilikuwepo, na najua nani alilishwa. Msimuliaji mwenyewe ni baba yangu mdogo.

Baba alikuwa mgambo. Alifundishwa kwata kwa bunduki ya mti kwenye uwanja wa shule, na vita vilipoanza akashuka Same na wenzake kupanda lori. Baba mdogo naye alikuwa mgambo, tena mwenye sauti kubwa kuliko wote wakati wa mazoezi. Wiki ya kuondoka goti likamuuma. Lori lilipopotea machoni goti likapona, akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kuwasaidia askari na familia zao.

Kamati ikaamua lilimwe shamba la mahindi na maharage. Sehemu ipelekwe kwa askari, sehemu wagawiwe wake zao. Wazo zuri, sikatai. Lakini milimani kwetu mvua haziaminiki. Tunategemea ndiva, bwawa lililojengwa na mababu kwa mawe na udongo. Linajaa usiku, linafunguliwa alfajiri, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Ili shamba la kamati linyweshwe, ilibidi nyumba mojawapo itoe zamu. Siku ya mkutano, kila nyumba ikawa na mgonjwa, au harusi, au kichanga. Hapo baba mdogo akagundua jambo ambalo nadhani anajivunia hata leo: zamu ya kaka yake haina mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe yuko vitani.

"Na mimi ninayelima ni nani?" mama aliuliza.

"Shemeji, wewe sasa ni familia ya mgambo. Usihangaike. Utaletewa."

Ndivyo walivyomnyang'anya mke wa mgambo maji ili wamsaidie mke wa mgambo. Nikiliwaza hilo napandwa na hasira, halafu nacheka, halafu hasira inarudi.

Ikapigwa pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna nyumba inayoruhusiwa kuikwepa. Walioinama kupalilia walikuwa wake za mgambo, kwa sababu wanaume waliobaki walikuwa na kazi nzito ya kusimamia. Walisimamia wamekaa. Jioni mama alipanda na ndoo kutoka kijitoni kumwagilia maharage yetu shina kwa shina, nami nyuma yake na kindoo changu. Mbegu ile baba aliichagua mwenyewe kabla ya kuondoka, na mama alitaka jambo moja tu, baba akirudi aikute. Maharage yakazidi kuwa ya njano.

Mavuno yalipofika, ulikuja ujumbe wa wakubwa kutoka mjini. Mbuzi akachinjwa, makande yakapikwa, na hotuba zikawachosha watu kuliko palizi. Magunia yaliyobaki yakapakiwa kwenye lori kwenda mstari wa mbele. Jirani yetu aliyekuwa akiuza ndizi Makanya akatuambia kwamba mstari wa mbele ulikuwa pale pale sokoni, na bei yake haikuwa mbaya.

Sisi tukaletewa debe la maharage yenye wadudu, tena halikujaa. Kamati ilitaka mama alipokee mbele ya watu na kushukuru. Akapiga goti kama inavyopasa, akapokea.

"Nawashukuru kwa maharage ya mume wangu," akasema. "Sasa nirudishieni na maji yake."

Baba mdogo alikasirika sana, nami nilifurahi sana. Alisema shamba litaendelea hadi vita viishe, na zamu ataidai baba mwenyewe akirudi.

Vita vikaisha. Wenzake baba wakarudi. Yeye hakuwemo, wala hakuna aliyejua alipo. Watu wakaanza kumsalimia mama kwa sauti ya msibani. Shamba la mgambo halikulimwa tena, lakini maji hatukurudishiwa, na mama alipouliza aliambiwa avute subira, mambo ya mtu asiyejulikana alipo hayaharakishwi. Mbegu ya baba ilibaki kiasi cha kujaa kikombe. Mama aliifunga kwenye kitambaa, akakataa kuipika hata siku tulizoshindia uji mtupu.

Kisha asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, baba akaingia uani. Alikuwa amekonda, na kumbe siku zote hizo alikuwa amelazwa hospitali ya mbali. Mama alilia, akamwonyesha kile kitambaa, akamweleza habari za zamu. Siku ile ilikuwa ya zamu yetu. Baba hakungoja chai. Alichukua jembe, tukaongozana naye hadi ndivani.

Maji yalikuwa yamekwisha kufunguliwa. Tukaufuata mfereji. Ukalipita shamba la kamati, ambalo sasa lilikuwa pori, ukakata kona na kuingia shambani kwa baba mdogo. Alikuwa amesimama katikati ya mahindi ya kijani, suruali imekunjwa hadi kwenye lile goti, akiyaelekeza maji kwa jembe. Alipomwona baba akaegemea mpini wa jembe.

"Shikamoo kaka. Pole na vita," akasema. "Ungetuma habari basi kwamba unakuja. Mahindi yangu bado hayajakomaa."