Mkono wa Mgema

Kabla hatujapelekwa vitani, Kikoti alinipeleka kwao Kilolo tumalizie likizo. Yeye Mhehe, mimi Mnyakyusa wa upande wa Mbeya, wote askari wa Malkia. Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Alizunguka kwenye mianzi akigema, akikata ncha za machipukizi, na chipukizi lililodondosha kwa uvivu alilichonga tena hadi matone yakachangamka. Mama yake alinijazia kikombe mpaka nikaomba poo.

"Kunywa, Mwaipopo," Kikoti alinitania. "Kwenu mnajua ndizi tu."

Tukapelekwa Kenya, kwenye misitu ya mlimani, kupigana na watu waliodai ardhi yao. Sikuwa na ugomvi nao.

Asubuhi moja risasi zilitoka kwenye mianzi.

Moja ikanipata pajani.

Kikoti alinibeba mgongoni hadi barabarani, damu yangu ikimlowanisha.

Hospitali ya kambi walinitundikia dripu. Chupa ya kwanza ilikimbizwa, nikapata uhai. Ya pili daktari aliagiza iende polepole, kisha akaenda kwa majeruhi wengine. Kikoti, aliyekaa kando yangu, akatazama matone yale kwa masikitiko.

"Hawa wachoyo hata wa maji," alisema, akalegeza kibano cha mpira. Matone yakachangamka. Akafurahi, nami nikafurahi. Dresa, msaidizi wa daktari, alipobadilisha chupa, Kikoti akalegeza tena.

Jioni kifua kikaanza kukoroma.

Nilikuwa nazama, kitandani.

Daktari alifunga mpira. Wakaniketisha, wakanichoma sindano ya kukojosha, nikakojoa hadi aibu ikaniisha. Pumzi ikarudi.

"Asubuhi alikuwa anakufa kwa kukosa maji," dresa alimwambia Kikoti. "Sasa ulikuwa unamuua kwa maji."

Kikoti aliinama. "Nisamehe, ndugu yangu. Mkono umezoea."

Nilicheka, ingawa kifua kiliuma. Sikuwahi kumpenda mtu vile.

Alirudi msituni kabla sijaanza kutembea. Akauawa huko.

Leo nina wajukuu, na nimeridhika na maisha yangu. Ila nyumba yangu ya uzeeni ina kiti kimoja pungufu, kile cha Kikoti.

Wakati ule, nilipoachiwa jeshini, nilikwenda Kilolo kwanza. Mama yake Kikoti alinimiminia ulanzi, akakaa.

"Mwanangu alikutunza, baba?"

"Alinitunza, mama. Alininywesha hadi nikafurika."

Nikamsimulia yote. Alicheka hadi akashika ubavu, kisha akalia, nami nikalia naye. Alipotulia alichukua kikombe changu, akakijaza mpaka juu.

Nikakinywa chote.